Bega la Kulia, Mikono ya Mama Mdogo

Sindano ile ya chanjo ilichomwa juu mno. Mkono wa buibui langu ulikuwa mwembamba, haupandi, na foleni ya duka la dawa kule Woodbury, ughaibuni, ilijaa wanaume. Nikaona afadhali nishushe shingo ya nguo, nitoe ncha ya bega tu. Mchomaji akachoma pale alipopaona. Nilihisi chuma kikigota mfupani, nikamtukana kwa Kiswahili. Kufika jioni bega linawaka moto, hata mtandio siwezi kujifunga.

Mtu mwingine angekwenda kwa daktari. Mimi nilikwenda Champlin kwa mama mdogo, ndugu yake mama, ambaye ametukanda sote tangu tukiwa wachanga.

"Mshipa umepanda huo," akasema. "Lala, na usinipigie kelele."

Akanimwagia mafuta ya moto, akaniwekea goti mgongoni, akauvuta mkono kama anayechuna mbuzi. Nililia huku nimeung'ata mto. Na bado nilirudi, wiki baada ya wiki, kuteswa kwa hiari yangu, hadi nikashindwa kumgeuza mgonjwa kitandani kazini, nikaachishwa.

Ndipo nikatafuta wakili Saint Paul. Nilitaka fidia, na sifichi, nilitaka pia mtu aumie kama nilivyoumia. Wakili alisema fidia inawezekana, ila tuthibitishe kwamba maumivu yalianza mara tu baada ya sindano. Cheti cha daktari cha siku zile sina. Shahidi nilikuwa naye mmoja tu.

Nikampeleka mama mdogo ofisini kwa wakili; hajui Kiingereza, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Wakili akamuuliza siku ile ya kwanza alinikuta katika hali gani. Badala ya kujibu, mama mdogo akainuka, akanikamata mkono ule ule mbovu, akaupinda nyuma.

"Mwambie nilimkanda hivi."

Nilipiga yowe, nikaipiga meza teke, kikombe cha kahawa kikaanguka na kupasuka. Wakili akaweka kalamu chini. Akasema polepole kwamba sasa upande wa pili watadai bega liliharibiwa na mama huyu, si na sindano, na kwamba hata yeye hana tena la kuwajibu.

"Asemaje?" mama mdogo akauliza, anatabasamu.

Ningeweza kumficha.

"Asema ni wewe uliyeniua mkono."

Akanitazama. Kisha akaanza kuibamiza mikono yake kwenye ukingo wa meza, kwa nguvu zake zote, hadi vidole vikatoka damu. Wakili alimrukia akamshika. Mimi nilibaki kitini. Nilitaka aendelee.