Hariri ya Mama Ilivyofika Songea

Asubuhi ile Mama alikuwa amekitandaza kitambaa juu ya mkeka, ndani ya nyumba, kama alivyofanya kila masika yalipoisha. Hakukianika juani, alisema jua linakula rangi. Mimi na dada yangu Halima tulikuwa uani tunamenya mihogo. Halima ananisimulia habari za fundi cherehani aliyetaka kumposa, na kila akicheka kisu kinamponyoka.

Tulikuwa tunakaa ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, sisi Wayao wenye ndugu huku na huko. Kitambaa chenyewe kilikuwa tandiko la kitanda la hariri ya Uchina, rangi ya maziwa, kimedariziwa tausi na maua makubwa, na matamvua marefu pembeni. Mama alikuwa dobi nyumbani kwa mfanyabiashara wa Kireno. Mke wa Mreno yule alikirithi kwa babu yake, baharia aliyekinunua hukohuko Uchina. Wareno walipofungasha kuondoka, alimpa Mama. "Wewe ndiye uliyekitunza," alimwambia.

Baadaye Mama alikiunguza kona moja kwa pasi ya mkaa. Akapaziba kwa ua lake mwenyewe, la uzi mwekundu wa pamba, limepinda upande. Maua yote mengine yalikuwa kazi ya mabingwa, lakini sisi tulilipenda lile.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata tulikuwa tukivisikia kwa majirani. Kwa majuma tulilala na viatu miguuni, na mbwa akibweka tu tumeshasimama.

Siku ile milio ilianza mchana, mihogo ikiwa bado jikoni.

Mama hakuweza kukimbia, miguu ilikuwa imemvimba. Alikikunja kitambaa, akamfunga Halima kiunoni, chini ya kitenge.

"Mkikwama, kiuzeni."

"Na wewe?"

"Nendeni."

Tukaingia kwenye mahindi.

Nyuma yetu mapaa yalishika moto.

Halima akaanguka. Nikarudi, akanisukuma.

"Nimejikwaa tu. Tangulia mtoni, nakuja."

Nikatangulia.

Nilimngoja kwenye matete mpaka mwenye mtumbwi aliponikamata mkono na kuniingiza kwa nguvu. Tulipovuka, mwanamke mmoja wa kijijini kwetu aliniambia amemwona Halima akiingia majini, na hakuibuka. Habari za Mama nazo zilinifikia muda si mrefu: aliteketea na nyumba. Nikapanda lori, nikashukia Songea. Hapa nikaolewa na mwashi wa Kingoni, nikazaa, nikauza vitumbua sokoni. Lakini kutulia, hapana. Hadi leo sikai nikaupa mlango mgongo, na wanangu wanajua kwamba pikipiki ikipasua mlio barabarani, mama yao atasimama.

Mwaka jana jirani yangu alinichukua tukaenda harusini, ukumbini hapa mjini. Nyuma ya viti vya maharusi walikuwa wametundika kitambaa. Niliona tausi. Nikaacha sahani yangu, nikapita katikati ya watu, nikainua kona ya chini.

Ua jekundu, limepinda.

Baba wa bwana harusi, mwalimu aliyehamia mjini kutoka Tunduru, alinijia haraka. "Shikamoo, mama. Samahani, hicho huwa hakishikwi. Kuna mtu wa Dar alikitaka, tukamkatalia."

"Mlikipata wapi?"

"Ni cha mama yangu. Kimetoka Namasakata, kijijini kwetu."

"Hiki ni cha mama yangu mimi."

Watu waliokuwa karibu wakageuka. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "unatuita wezi mbele ya wageni wetu?"

Mama yake akanyanyuka kitini. Ni Bi Mwanaisha, mzee wa rika langu, mwenye baibui jeusi. Alinitazama kwa muda.

"Unaitwa nani?"

"Awetu."

Akakaa tena. "Awetu wa Halima," akasema.

Akanishika mkono, tukaenda nyuma ya ukumbi kwenye masufuria ya pilau, na hapo akanieleza. Halima alikuwa amepigwa risasi pajani. Alivuka mto siku iliyofuata, sehemu nyingine kabisa, akabebwa na wavuvi. Marehemu mama yake Bi Mwanaisha alimpokea, akamlaza nyumbani kwake. Alikaa nao tangu mavuno mpaka watu walipopanda tena. Kidonda kikawa kinafunga na kufunguka, mwisho kikamuua.

"Alikuwa akiulizia kila mpita njia," alisema. "Awetu, Awetu. Mpaka akatokea mtu akamwambia umekufa maji. Baada ya hapo hakuuliza tena. Kitambaa alimpa mama kwa mkono wake. Mama alikataa, Halima akasema, sina mwingine wa kumpa."

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaja akachuchumaa mbele yangu. "Mama, tutakitungua. Ni chenu."

Nikamwambia akiache palepale. Halima alikitoa mwenyewe, kwa hiari yake, na vita havikumwachia mengi ya kuamua. Nisingeweza kumpokonya na hilo.

Watu walinisifu kwa moyo mkubwa. Hawakujua. Nilikuwa nimezoea kuhesabu kwamba vita vilichukua watu wangu mchana mmoja. Kumbe Halima alikuwa hai msimu mzima, safari ya lori moja kutoka hapa, naye ananililia mimi niliyekuwa namlilia yeye.

Baada ya harusi Bi Mwanaisha alinipeleka Namasakata. Kaburi liko kando ya mikorosho, wamelitunza. Nikanyoosha mikono kumwombea dua. Miaka yote nilimwombea kama mtu aliyezama akiwa peke yake. Siku ile nilimwombea kama mtu aliyefia kitandani, kwa watu wema, akiniamini mimi ni marehemu. Mpaka sasa sijaweza kusema lipi lina nafuu.