Dawa za Mama Yako Nilizitupa Mimi

Naikumbuka siku niliyotupa dawa za mama yako chooni. Naikumbuka hata kanga aliyozifungia, ya bluu yenye maua meupe. Miaka yote hii sijakuambia, mwanangu Masanja, wala sikuwa na mpango wa kukuambia. Lakini jana ulinipigia simu kutoka Nyegezi, ukaniamkia vizuri, halafu ukasema kwa sauti ya mtu aliyetenda jema: "Shangazi, mama hajaanguka tangu nikiwa darasa la tatu. Zile dawa zinamlaza tu. Nimezifungia kabatini, apumzike nazo kidogo."

Simu nusura inidondoke kwenye sufuria ya mboga. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuchungulia, nawe ukasema mtandao mbaya, ukakata. Mtandao haukuwa mbaya, wewe ndiye uliyenikimbia. Basi nimevaa miwani nakuandikia humu humu kwenye simu, maana maandishi huwezi kuyakatia.

Mama yako, Kabula, aliolewa kwetu akitokea upande wa Bujora. Mimi nilikuwa wifi yake, msichana wa miaka kumi na tisa, mdomo mrefu kuliko akili. Nyumba yetu ya Misungwi haikuwa mbali na ziwa, na kila mtu pale nyumbani alikuwa akisubiri jambo moja tu, mjukuu. Miezi ikapita. Asubuhi moja nikamwona bibi harusi wetu amegeuka ukutani, anameza kitu bila hata maji, haraka haraka kama mwizi.

Sikuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilijiona najua. Wiki ile ile nilikuwa nimesikia zahanati wakifundisha habari za vidonge vya uzazi wa mpango. Nikasema moyoni, kumbe! Kaka yangu ametoa ng'ombe, mwenzake anafunga kizazi kwa siri. Alipokwenda shambani nikafungua sanduku lake, nikakuta vidonge vimefungwa kwenye pindo la kanga. Havikuwa na pakiti wala maandishi. Nikavimwaga chooni vyote, nikafunga pindo lile kama nilivyolikuta. Nilijiona shujaa wa ukoo.

Kabula alilipekua sanduku lile mara tatu. Alinitazama, nikamkazia macho. Hakusema neno, na siku tatu tukala ugali sahani moja.

Siku ya nne tulikwenda ziwani kufua. Alikuwa ameinama kwenye jiwe, mikono kwenye mapovu ya sabuni. Nikasikia sauti ambayo sijaisikia tena na siombi kuisikia. Kugeuka, Kabula yuko majini kifudifudi, mwili wote unatikisika. Maji yenyewe yalifika magotini tu, mwanangu. Yanatosha kuua.

Wanawake wakapiga kelele: "Msimguse! Mapovu yake yanaambukiza!" Na mimi, nikuambie ukweli, nilirudi nyuma. Nilirudi nyuma! Aliyeingia ni bibi mmoja aliyekuwa anaanika dagaa hapo kando. Alimtoa kichwa majini, akamburuta hadi mchangani, akamlaza kwa ubavu, akamwekea kitenge chini ya kichwa. Mmoja akaleta kijiko amtie mdomoni, bibi akamfukuza nacho. Kisha akanigeukia mimi: "Wewe si ndugu yake? Kifafa hakiambukizi. Kinachoambukiza ni ujinga wenu."

Kule zahanati, nesi aliuliza kama mgonjwa alikuwa na dawa. Kabula akajibu kwa shida, "Nilikuwa nazo, zimepotea." Aliniona nimesimama mlangoni, na bado akasema zimepotea. Hapo nilishindwa. Nikasema, "Hazikupotea. Nilizitupa mimi. Nilidhani ni za kuzuia mimba."

Nesi aliweka kalamu chini. "Binti, dawa hizi hazikatwi ghafla. Ukizikata, kifafa hurudi na hasira. Na hata zingekuwa za kuzuia mimba, zilikuwa zako?" Akampima Kabula, akampima tena. "Na mimba anayo. Ya miezi mitatu."

Nilikaa sakafuni. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Huyu alificha na bado alikuwa anakaribia kuzaa, na mimi niliyejidai kuutafuta uzao wa kaka yangu ndiye niliyetaka kuuzamisha. Niliona aibu, naiona mpaka leo.

Mama yako naye alikosea, na mwenyewe atakuambia. Aliogopa kurudishwa kwao, akatoa dawa kwenye pakiti ili zisijulikane. Nesi hakujua ni dawa ipi wala ya nguvu gani, ikabidi kaka yangu aende mpaka hospitali ya kwao kuulizia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Dawa ikae kwenye pakiti yake yenye jina lake, na nyumbani awepo mtu anayejua.

Unasema hajaanguka miaka mingi. Usione vyaelea, vimeundwa! Haanguki kwa sababu anameza. Kama zinamlaza, nendeni pamoja kwa daktari wake aseme, maana yeye ndiye wa kupunguza, na hupunguza pole pole. Zile alizozikosa tangu uzifungie usimrundikie kwa mkupuo, pigeni simu hospitali leo muulize aanzeje. Na usimchanganyie mizizi wala dawa za dukani kabla daktari hajajua. Zikikaribia kwisha, zifuateni mapema. Wala mwenye kifafa mwingine asigawiwe za mama yako, hata akiwa jirani mwema.

Nimempigia mama yako asubuhi hii. Anasema hataki kugombana na mwanawe. Ananyamaza vilevile alivyoninyamazia mimi.

Ile mimba, Masanja, ilikuwa wewe. Huna mkubwa wako, hesabu mwenyewe.

Mungu akupe maisha marefu, akupe watoto watakaokuheshimu bila kukufungia kitu. Yeye aliyekutoa ziwani kabla hujazaliwa aushike mkono wako sasa hivi, uchukue ufunguo, ufungue hilo kabati.