Penina wa Tano

Mlango wa kikapu cha kubebea paka ukifungwa hulia ta!, sauti kavu kama njiti inavunjika. Wiki iliyopita niliisikia Maplewood, kwenye kliniki moja ya kufunga paka uzazi kwa bei nafuu. Binti yangu Naomi alikuwa amembeba paka wake, mimi nimeshika fomu. Mama mmoja nyuma yetu akafunga kikapu chake, ta!, na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwimba kwaya, nikahisi uso unawaka kwa aibu. Naomi akaniuliza nina nini, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Nikamwambia nasikia joto tu. Nje theluji ilikuwa inamwagika.

Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuja Minneapolis nina miaka tisa. Mama alikuwa ametangulia miaka mitatu nyuma, akaniacha Lushoto kwa Bibi. Asubuhi alifanya usafi hospitali, na mchana kwenye nyumba moja ya kuokoa paka pale Phillips, mitaa miwili kutoka tulipopanga. Mwenye nyumba ile alikuwa mama mzee wa Kizungu, Bi Doroti, mwembamba, sweta lake limejaa manyoya hata hujui lilikuwa rangi gani. Kwake paka hakuuawa, awe kipofu, awe na miguu mitatu. Atakaa mpaka apate kwao. Na kila Jumanne alikuja daktari wa wanyama kuwafunga uzazi, watu wa mtaani wakileta wa kwao kwa bei wanayoiweza. Bi Doroti alisema ukiokoa paka jike ukamwacha hivi hivi, mwakani utaokoa ukoo mzima.

Sasa kwetu paka ni wa kukamata panya. Akiingia jikoni, ufagio. Mama mwenyewe nilimjua kwa ufagio huo. Halafu siku ya pili tangu nifike, ananipeleka kazini kwake, anavua koti, anakaa chini sakafuni, anachukua kitoto cha paka cha rangi ya majivu na kukinyonyesha kwa chupa ndogo. Chumba kilinuka maziwa ya vuguvugu na dawa ya kudekia. Halafu akaanza kukiimbia. Wimbo ule ule wa kunilaza mimi.

"Mama, huyo anaitwa nani?"

Akakifuta maziwa mdomoni. "Huyu? Huyu Penina."

Penina ni mimi.

Nikadhani ananitania. Lakini ukutani palikuwa na picha za paka waliokwisha kupata kwao, na Mama alikuwa amenifundisha kusoma jina langu kabla hajaondoka. Penina, kapelekwa Oakdale. Penina wa Pili. Penina wa Tatu. Penina wa Nne. Huyu wa mapajani alikuwa wa Tano. Kila kitoto ambacho Mama alipewa kukinyonyesha, alikipa jina langu. Bi Doroti akaja akanishika kidevu, akasema maneno mengi kwa furaha, Mama akanitafsiria: "Anasema, kumbe ndiye Penina mwenyewe!"

Mimi sikucheka. Kule kwetu jirani akimwita mbuzi wake jina lako, mnapelekana kwa balozi wa nyumba kumi. Na hapa mama yangu mzazi kanigawa kwa paka watano. Nilihesabu kichwani: mimi nilipoondokewa nililia kwa Bibi mpaka nikatapika, na wao walikuwa wanaimbiwa.

Bibi alikuwa na msemo wake: wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishiriki kwa mikono miwili. Yule paka Mama alimleta kwetu amlee mpaka akue. Akilala kwenye kiti cha Mama, nilikiinamisha kiti. Mama akiniita mezani, "Penina!", wote wawili tulifika, na yeye alifika kwanza. Mimi kuitika sikuitika. Nilikuwa na kopo la dagaa alilonifungia Bibi, nikila mmoja mmoja nimejifungia bafuni, paka analia mlangoni. Ule mlio niliupenda. Mungu anisamehe.

Ilipofika Machi, paka amekuwa mkubwa, Mama akatoa habari akidhani ni zawadi. "Jumanne anafungwa uzazi. Wengine wote walienda. Huyu nimemwomba Bi Doroti, atabaki kwetu. Upate mwenzio."

Mwenzangu! Nilikuwa nahesabu siku aende Oakdale kama ndugu zake, nibaki na Mama peke yangu. Kumbe ndiyo kwanza anahamia.

Jumanne ile asubuhi tulitoka. Paka hakuwa amekula tangu jana yake, maana kabla ya kupasuliwa hatakiwi kuwa na kitu tumboni, akalia njia nzima ya ngazi. Tulipofika chini Mama akakumbuka glavu. "Shika kikapu, nisubiri hapa." Akapanda.

Niliufungua mlango. Hakuna aliyenisukuma, wala sikuteleza. Penina wa Tano akatoa kichwa, akaniangalia, akaruka kwenye theluji chafu na kupotea chini ya kibaraza cha jirani. Nikaufunga mlango. Ta!

Mama akarudi, akabeba kikapu, akakisikia ni chepesi. Akaniangalia mara moja tu. Akapiga magoti kwenye theluji na sare yake ya kazi, mdomo kwenye uwazi wa mbao, akaita.

"Penina! Penina, mwanangu, njoo! Penina!"

Magari yalikuwa yanapita, watu wanageuka. Yeye anaita tu, sauti inapanda, inakatika, anaanza upya. Nilisimama nyuma yake, hatua mbili, nimevaa koti alilonunua yeye, naitwa na siitwi. Sijawahi kumsikia mtu akiita hivyo. Nilitaka nizibe masikio, na nilitaka asinyamaze.

Nikakimbia juu nikaleta kopo langu. Nikalala kifudifudi, nikaingia chini ya kile kibaraza, baridi imenishika mbavu. Macho mawili yakawaka kwenye kona. Nikaweka dagaa mmoja. Akaja. Wa pili. Akaja. Nikampa mpaka nikamfikia shingo, nikamkumbatia, akanikwaruza mkono, na mimi nikamwambia kwa Kisambaa kwamba ni mshenzi.

Kule nje Mama hakuwa anatuona. "Penina!"

"Abee, Mama!"

Lilinitoka lenyewe, kama Bibi alivyonifundisha, mtoto akiitwa aitike. Tangu nifike sikuwa nimeliitika jina lile hata mara moja.

Nilipotokeza kichwa, paka kifuani, Mama alikuwa amekaa kwenye theluji kama gunia lililodondoshwa, mikono usoni. Nilijua nitachapwa. Nikaanza kujieleza, kwamba nimefungua mimi, kwamba nilitaka aende. Akasema, "Sema tena."

"Nimefungua mimi."

"Siyo hilo. Itika tena."

"Abee, Mama."

Akatuvuta wote wawili, mimi na yule adui yangu, manyoya mdomoni.

Kwa Bi Doroti tulifika tumechelewa. Daktari akauliza kama paka ana njaa. Ikabidi niseme: dagaa tisa. Bi Doroti akanifokea kwa Kiingereza ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa, kisha akageuka ukutani mabega yanatikisika kwa kicheko. Tukapangiwa Jumanne nyingine, na siku hiyo kikapu nilibeba mimi, na kopo nililificha juu ya kabati.

Paka yule aliishi nasi mpaka naolewa. Siwezi kusema nilimpenda. Tulizoeana, kama wake wenza wa siku nyingi. Ila kuna jambo ambalo nililiona bila kulielewa: Mama alinyonyesha vitoto vingine vingi baada ya hapo. Aliviita Boga, Soksi, Jumanne. Hakuna hata kimoja kilichoitwa Penina.

Nilikuja kuelewa nikiwa mama. Nilimaliza shule kwa masomo ya jioni, na Naomi, wa miezi minane, nilimwacha kwa Mama jioni nne kila wiki. Ilikuwa muda wa saa tatu tu kila jioni. Mwalimu anaeleza, na mimi mdomo unalitafuta jina la mtoto. Nililiandika pembeni ya daftari, ukurasa baada ya ukurasa, nikilitamka taratibu ili jirani asisikie. Saa tatu tu, jamani.

Mama yeye alikaa miaka mitatu bila mimi. Aliliita jina langu kila siku katika mji ambao haukunijua, na walioitikia walikuwa paka.