Pima Maji Ndani ya Jicho Langu

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mawe, na kifaa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa pima maji, ule ubao mfupi wenye kijichupa cha maji na kipovu cha hewa ndani yake. Aliiweka juu ya ukuta, akainama, akafunga jicho moja, akangoja kipovu kitulie katikati. "Ukuta unaweza kukudanganya," alikuwa akiniambia, "lakini kipovu hakidanganyi." Sikujua kwamba nikiwa na miaka sabini na mmoja ningetembea na kifaa hicho ndani ya jicho langu la kushoto, tena juu ya bahari ya Atlantiki, mwezi wa Januari.

Nilitoka Matinyani, kwetu Kitui, mwanzoni mwa Desemba, safari ya vituo viwili. Kwanza nimsalimie mwanangu wa kiume kule Uingereza, kisha nipande ndege hadi New York aliko binti yangu, ambaye mimba yake ilikuwa na miezi saba. Binti huyo alikuwa amepoteza watoto wawili, mmoja baada ya mwingine. Wote walizaliwa wakiwa hawapumui. Mara zote mbili mimi nilikuwa Kitui, nimeshika simu. Safari hii alinipigia mapema.

"Mwaitu," aliniita, kama watoto wetu wa Ukambani wanavyowaita mama zao, "sitaki uniletee unga wa wimbi. Sitaki mashuka. Nataka tu ukuwe ndani ya chumba nikijifungua."

"Nitakuwa ndani ya chumba," nikamwambia.

Nilisema hivyo bila kuongeza "Mungu akipenda", jambo ambalo si desturi yangu. Siku zilizofuata nilijisikia kama mtu aliyetia sahihi mahali pa mwingine.

Siku yangu ya nne Uingereza nilimwambia mwanangu kwamba taa za nyumba yake ni mbovu, zinafifia upande mmoja. Akaziangalia taa, kisha akaniangalia mimi, kisha akachukua funguo za gari. Hospitalini daktari alisema ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho ilikuwa imebanduka, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta ulioingia unyevu. Walinifanyia upasuaji siku hiyo hiyo, wakajaza gesi ndani ya jicho ili iisukume ile ngozi irudi mahali pake. Nilipewa masharti matatu. Siku kumi nikae uso umeinama. Nisilale chali hata kidogo. Na nisipande ndege mpaka gesi iishe yenyewe, yaani karibu miezi miwili, kwa sababu huko juu gesi hutanuka na jicho likapofuka. Wakanivisha bangili ya kijani mkononi iliyoandikwa onyo hilo, ili hata nikizimia watu wajue.

Mwanangu alihesabu wiki kwa vidole. Mtoto angefika kabla gesi haijaisha.

Daktari alikuwa na wasiwasi na lile sharti la kuinama. Alisema wazee wengi hushindwa siku ya pili, shingo zinakataa. Hakujua historia ya shingo yangu. Nikiwa msichana upande wa Makueni, na baadaye nikiwa mke wa mtu Matinyani, nilibeba maji kwa mukwa, mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso huku mtungi ukilala mgongoni. Anayebeba kwa mukwa hatazami mbele. Hutazama chini, hatua mbili mbele ya vidole vyake, magoti yamepinda kidogo, na hivyo ndivyo anavyopanda mlima. Zile siku kumi zilinipita Biblia ikiwa sakafuni na mimi nimeiinamia. Muuguzi alikuja kunikagua akashangaa.

"Umejifunzia wapi kukaa hivi?"

"Mtoni," nikamjibu.

Mwanangu alisema tungoje tu. "Ataelewa, mama. Si ni daktari ndio amekataza?"

"Ameelewa mara mbili," nikamwambia. "Inatosha."

Tuliporudi kwa daktari nilimuuliza: kama ndege imekatazwa, je, meli? Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema ni kweli, baharini hakuna kupanda juu, gesi haina sababu ya kutanuka. "Lakini Januari, bibi! Usianguke. Na ukichafukwa na tumbo, usilale chali." Mwanangu akatafuta, akapata kwamba meli kubwa za abiria bado zinavuka kutoka Southampton hadi New York kwa siku saba. Ningeondoka peke yangu Ijumaa na kufika Ijumaa inayofuata. Binti yangu alitarajiwa kujifungua wiki moja baada ya hapo.

Nilipoingia chumbani mwangu melini, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua mfereji. Maji yalitoka kwa nguvu, baridi na moto. Mtu wa Kitui akiona mfereji unatoka vizuri hivyo hajui kufurahi tu; hujiuliza utakatika lini. Nikajaza sinki. Nikajaza majagi mawili, ndoo ya barafu, chupa tatu za soda nilizotoka nazo kwa mwanangu, na pipa la takataka lililokuwa safi kuliko sufuria zangu. Nikamshukuru Mungu, nikakaa.

Mhudumu wa chumba aligonga mlango. Alikuwa mwanamke wa makamo, na jina la nchi yake lilikuwa chini ya jina lake kifuani: Kenya. Mtu wa Mombasa. Aliposikia natoka Kitui aliniamkia shikamoo, salamu ambayo kwetu bara ni ya vitabuni, nikaitikia kwa furaha. Kisha akayaona yale maji.

"Lo! Mama, maji yote haya ya nini?"

"Ya kesho."

"Kesho yatakuwepo mengine."

"Hata sisi Matinyani tuliambiwa hivyo."

Alicheka akashika kiuno. "Mama, tumezungukwa na maji kila upande, na wewe waweka akiba?"

"Hayo ya nje nimeyaona. Yana chumvi."

Jumatatu dhoruba ilituingia. Ilianza asubuhi, wakati wa chai: kikombe changu kilisafiri peke yake kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, kikarudi. Niliporudi chumbani akiba yangu yote ilikuwa sakafuni. Pipa limelala, ndoo imelala, chupa zinabingirika kama watoto wanaocheza, na sanduku langu lenye leso nilizomletea mjukuu limelowa mpaka chini. Yule dada alikuja na taulo kumi.

"Mama," alisema akiwa amepiga magoti kwenye zulia, "sasa twaweza kusema meli imeingia maji?"

Tulicheka mpaka tukashikilia kitanda. Kisha mfereji ukafunguliwa ili leso zisuuzwe, na maji bado yalikuwepo.

Jumanne na Jumatano hakukuwa na kicheko kingi. Mawimbi yalikuwa kama vilima vya Makueni vilivyoamua kutembea. Tulitangaziwa kwamba abiria wabaki vyumbani na walale chali, ndiyo dawa ya kichefuchefu. Dawa hiyo mimi nilikatazwa. Nilikaa kitini, paji la uso juu ya mikono, nikiomba, na kila nilipotapika nilitapika kwa ustaarabu, uso ukiwa umeelekea chini tayari.

Katika kukaa huko nililitambua jicho langu. Kipovu cha gesi kilikuwa kimepungua mpaka nusu. Nilipoinua uso niliona mstari mweusi ukilikata jicho katikati, kama maji kwenye glasi: juu ya mstari kuona kulikuwa kweupe, chini yake ni ukungu unaotikisika. Meli ilipolala kushoto, mstari ulipinda. Ilipolala kulia, mstari ulipinda upande wa pili. Nikafumba lile jicho zima la kulia, nikajaribu kuinamisha kichwa mpaka mstari ulale sawa. Mwili ukafuata kichwa. Nikagundua nimekaa sawa na dunia, na chumba ndicho kilichopinda. Nikakumbuka mwenye pima maji wangu akiinama juu ya ukuta, nikasema kwa sauti, "Kumbe ulikuwa unanifundisha."

Alhamisi asubuhi nahodha alitangaza kwamba tumepunguza mwendo kwa usalama, na tutafika Jumamosi asubuhi badala ya Ijumaa. Nilijiambia siku moja si neno. Lakini nilitaka kumjulisha binti yangu, na simu yangu ilishika mtandao tu kwenye ukumbi mkubwa, mwisho wa korido ndefu na ghorofa nne juu. Yule dada alikataa katakata.

"Mama, watu wazima wavunjika mikono huko nje. Na jicho lako?"

"Basi nisindikize."

Alinisindikiza. Niliinama kama niliyebeba mtungi kwa mukwa: magoti yamepinda, macho hatua mbili mbele. Kwenye kila kona nilisimama, nikainua uso, nikaufuata mstari mpaka ukalala, ndipo nikaenda. Tulipofika ngazi ya pili wimbi lilitupiga ubavuni, na yule dada, ambaye ameishi baharini miaka kumi na mmoja, akakaa chini kwa kishindo. Mimi nilibaki nimesimama. Nikampa mkono.

"Mama, niambie ukweli. Umewahi kufanya kazi melini?"

"Nimebeba maji tu, mwanangu."

Ukumbini simu iliamka na ujumbe ukaingia. Presha ya binti yangu ilikuwa imepanda. Madaktari walikuwa wameamua kutongoja: wangemwanzishia uchungu Ijumaa asubuhi. Yaani kesho. Nikampigia.

"Mwaitu, uko wapi?"

"Niko katikati. Nahodha anasema Jumamosi."

Nilisikia mashine fulani ikilia upande wake, na upepo ukilia upande wangu. "Kwa hivyo tena," akasema.

"Sikiliza. Wakuanzishie. Kuanza si kumaliza. Wewe mwenyewe ulinichukua siku mbili, mpaka mkunga wa kule Kanyangi akataka kwenda zake kuvuna."

Alicheka kidogo, kicheko chenye machozi. "Lakini uliniahidi."

"Nilikuahidi vibaya. Sasa nakuahidi vizuri: nitakuwa ndani ya chumba, Mungu akipenda. Wewe pumua. Mimi nitamwambia Mungu."

Yule dada alinifungulia chumba kidogo cha kuwekea mashuka, mahali ambapo mtu anaweza kuegemea pande zote bila kuumia. Mimi niliomba kwa Kikamba, yeye aliomba kwa njia yake ya Kiislamu, mabega yetu yakigusana kila meli ilipoyumba. Sikumwomba Mungu atulize bahari. Nilimwomba amshikilie mtoto huyo mpaka nifike, na nikamwambia kwamba kama hataki, bado nitamshukuru, ila anisaidie kumshukuru. Hiyo ndiyo sala ngumu kuliko zote nilizowahi kusali.

Ijumaa mchana upepo ulitulia. Jumamosi kulipokucha tulikuwa bandarini, theluji imelala juu ya kila kitu. Yule dada alinifunga leso ya mjukuu, kavu na iliyopigwa pasi, shingoni juu ya koti. "Kamwambie mtoto maji hayakukatika," akasema.

Ofisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kufanya nini Amerika. Nikamwambia, "Kuwa ndani ya chumba." Alinitazama, akaitazama bangili ya kijani, akagonga muhuri. Teksi ikanifikisha hospitali. Pale mapokezi nilikuwa bado nayumba, maana miguu ilikuwa haijashuka melini, na walipoiona bangili yangu wakadhani mimi ndiye mgonjwa. Wakaniketisha kwenye kiti cha magurudumu. Niliwatajia jina la binti yangu na wodi yake, na kiti kikaanza kwenda. Sikubishana. Kilikuwa na mwendo mzuri kuliko wangu.

Mlango ulipofunguliwa mkwe wangu alisimama wima kama askari. Binti yangu alikuwa amelala ubavu, nywele zimelowa jasho, amekuwa kwenye uchungu usiku na mchana. Hakugeuka. Alisema tu, "Nani huyo?"

"Ni mimi. Niko ndani ya chumba."

Alinyoosha mkono nyuma akaukamata wangu, na hakuuachia kwa saa tatu. Mtoto alizaliwa saa saba mchana. Kulikuwa na kimya kifupi, kimya ambacho binti yangu alikuwa amekisikia mara mbili, na vidole vyake vikakaza mpaka bangili yangu ikaniingia nyamani. Kisha chumba kizima kikajaa kilio cha mtoto wa kike mwenye hasira ya afya.

Walimpangusa wakamlaza mikononi mwangu, ndani ya ile leso. Nikamtazama chini, na jicho langu la kushoto likaniletea ukungu, uso unaotikisika kama jiwe chini ya maji. Jicho moja lilimwona, lakini sikuwa nimevuka bahari kumwona kwa jicho moja. Kwa hiyo nikamwinua. Nikamwinua polepole, mikono imenyooka, mpaka akapita juu ya mstari, na hapo nikamwona kwa macho yote mawili: pua ya babu yake, ngumi mbili, mdomo wazi. Nikapiga vigelegele. Muuguzi akamuuliza mkwe wangu kama hiyo ndiyo mila yetu, kumwinua mtoto hivyo.

"Sijui," akamjibu. "Muulize yeye."

Sikuulizwa. Nilikuwa nimempigia mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu Matinyani, na nilikuwa namshikia mtoto simu mdomoni ili wamsikie analia.