Taa ya Picha katika Chumba cha Wanawake

Katika msimu uliofuata kuondolewa kwa waasi mjini Beni, mimi nilikuwa mpiga picha Butembo, na mke wangu alikuwa hajawahi kushika kamera. Yeye aliosha picha katika chumba cha giza tulichokitenga nyuma ya jikoni. Makosa yangu aliyajua kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyeyaona kwanza yakijitokeza ndani ya dawa.

Siku moja akaja mama Mwislamu kutoka Beni, ambaye mume wake alikuwa na malori. Binti yao alikuwa anaolewa.

"Ninataka foto ya bibi harusi pamoja na banamuke benzake, na koko yake pia," aliniambia, yaani nyanya yake. "Mais, lakini wewe hapana kuingia. Ile ni chumba ya banamuke."

Nilikuwa nafungua kinywa nimwombe radhi. Mke wangu akatokea mlangoni, mikono bado imelowa.

"Mama, nitaingia mimi."

Basi nikaanza kumfundisha. Flash yetu ilikuwa kibakuli cha chuma kinachong'aa, na katikati yake ampule, balbu ndogo ya kioo. Kila ampule iliwaka mara moja tu, kwa mlio mdogo, kisha ikabaki imeungua, ya moto kama kiazi kilichotolewa majivuni. Barabara zilikuwa mbaya na ampule zilikuwa adimu, kwa hiyo hatukuweza kuzichezea. Picha yake ya kwanza ilikuwa mimi, nimeketi kitandani. Alipoiosha alicheka mpaka akakaa chini. Uso wangu ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo, na nyuma yangu kilisimama kivuli cheusi kikubwa kuliko mimi.

"Umekuwa muzimu, papa," alisema. "Ile mwangaza inakupiga ku uso sawa kofi. Donc, basi tuitume kwanza fasi ingine, ndiyo ikufikie."

Akafunga shuka jeupe chini ya dari, akakigeuza kibakuli kitazame juu. Nilichoongeza mimi ni kumwambia afungue zaidi tundu la lensi, maana mwanga ukizunguka hupungua nguvu. Katika picha ya pili nilionekana mtu, tena mtu wa kupendeza kidogo. Mimi niliyekuwa nikiwazaba wateja wangu kofi hilo tangu uhuru, nilimkunjia lile shuka aende nalo.

Siku ya ndoa niliketi uani pamoja na wanaume, tukinywa chai. Chumba cha wanawake kilikuwa kidogo, kuta zimeingia moshi, na dirisha limepigwa mbao tangu siku za vita. Nilimsikia mke wangu akiamrisha shuka livutwe huku na kule. Kisha wakanyamaza. Mwanga ukapenya kwenye nyufa za mlango, ampule ikalia pah! na wanawake wote wakapiga kelele.

Askari waliokuwa njia panda walisikia. Wawili wakaja mbio, bunduki mbele.

"Nani anapiga masasi mule?"

Tulisimama, chai ikamwagika. Niliinua mikono. Ndipo mlango ukafunguka na mke wangu akatoka, ameshika ile ampule ndani ya kitambaa.

"Hapana masasi, chef. Ni taa ya foto. Shika, ingali moto."

Askari mmoja, kijana tu, akaipokea, akaigeuzageuza, akainusa. Akashusha bunduki.

"Unaweza kunipiga moja, mama? Mama yangu hajue kama ningali muzima."

Mke wangu hakuniuliza kuhusu ampule. Alimsimamisha kijana penye ukuta, akamnyoosha kola kama mwanawe, akampiga. Picha hiyo tuliituma baadaye kwa njia ya padre aliyekuwa anaelekea kwao. Sijui kama ilifika.

Yaliyotokea ndani alinisimulia tukiwa njiani kurudi. Koko alikuwa amejifunika blanketi. Mlio ule ulimrudishia vita. Hakuna aliyeweza kumtoa. Mke wangu akaketi sakafuni karibu naye, akamwekea kamera mapajani.

"Koko, unipige weye kwanza. Finya hapa."

Koko akafinya. Mwanga ukajaa chumba, naye, kwa kuwa safari hii alikuwa ameuita mwenyewe, akaanza kucheka. Katika picha waliyopiga baadaye bado anacheka, hana jino hata moja, mkono wake juu ya goti la bibi harusi, na kila uso chumbani unaonekana, mpaka hina kwenye vidole. Mama wa bibi harusi alipokuja kuzichukua picha, ile anayocheka koko aliifunga peke yake ndani ya kitambaa.

Tangu hapo watu waliokuja, hata kutoka Kayna, walimuulizia mama wa foto. Mimi nikajifunza kuosha.

Ile picha aliyoipiga koko mwenyewe tuliiosha pamoja. Imekaa upande, nusu ya paji la uso imekatwa. Mke wangu yuko sakafuni, mkono mmoja umeinuliwa kushika ncha ya shuka, meno yote nje.

"Tupa ile," alisema. "Imeharibika."

"Hapana," nikamwambia, nikaitundika ikauke.