Jembe Lisilo na Ngoma

Kanisa letu la Shinyanga lilipomtuma baba yangu awe mwalimu wa dini kijijini Nkome, kwa Wazinza wa kando ya ziwa, tulilia kana kwamba familia yetu inapelekwa upande wa pili wa dunia. Wazee wa kanisa walimpa kanzu nyeupe na katazo moja: asilime na watu wa ngoma. Kwetu vijana hulima kwa zamu, leo shamba hili, kesho lile, mpiga ngoma akiwatangulia. Wazee walisema ngoma ile ni ya mizimu.

Nkome nako walilima hivyo hivyo. Msimu wa kwanza majirani walikuja mlangoni, majembe begani.

"Mwalimu, twende. Kesho tunahamia shambani kwako."

"Nitalima peke yangu."

"Peke yako?" mmoja akacheka. "Kumbe huyo Mungu wako hana majirani!"

Hawakurudi. Jumapili baba aliwahubiria upendo mama, mimi na kuku wetu. Shamba lilimezwa na majani, tukala mihogo ya kuomba.

"Baba watoto," mama alimwambia, "hawa hawatausikia mdomo wako kabla hawajauona mgongo wako ukitoka jasho."

Baba alielewa. Alitembea hadi Shinyanga kuwaomba wazee waliondoe katazo. Aliporudi, midomo imepasuka kwa kiu, mama alimpa maji.

"Wameniombea," alisema baba. "Wameomba vizuri sana. Kisha wakasema, tukikuruhusu wewe, na vijana wa hapa watacheza."

Mvua zilipoanza alilima peke yake, ngoma ya majirani ikivuma ng'ambo ya bonde. Mara nyingine niliona jembe lake likiufuata mdundo. Akashtuka, akalichelewesha makusudi. Homa ilimkuta humo shambani. Hakuinuka tena.

Majirani ndio waliochimba kaburi. Walikuja na ngoma yao, wakachimba kwa zamu wakiimba, na ardhi ile ngumu ikakubali upesi. Mama hakuwazuia. Yule aliyewahi kucheka alijipangusa udongo mikononi, akaniambia taratibu, "Leo tumelima naye."

Nilidhani habari zile zingewafikia wazee na kuwafundisha kitu. Kabla ya mavuno alifika mwalimu mwingine, kijana mpole, ndani ya kanzu nyeupe. Asubuhi majirani walimwendea, majembe begani. Niliingia ndani nisije nikalisikia jibu lake.