Mizunguko Mitatu Iliyokosekana Daftarini

Juzi kocha wa binti yangu alinionyesha karatasi ya mbio zake. Kila muda ulioandikwa ulikuwa mzuri mno, na ghafla nikanusa maganda ya kahawa ya Gitothua, kijiji nilikokulia.

Huko ndiko Baba alikompima dada yangu Wambui mbio kwa saa ya mkono. Siku moja nilihesabu mizunguko kumi, yeye akaandika saba daftarini. Kitoto changu kilishuku anamwibia dada mizunguko ampe mtoto wa jirani.

"Baba, ile mitatu iko wapi?"

"Hiyo alikuwa amechoka. Haihesabiki."

Kwenye mashindano Thika, Wambui alimaliza wa mwisho. Alilia akisema uwanja wao ni mrefu kuliko wetu, nami nikamwamini.

"Na siku mbaya ziko wapi?" nilimuuliza kocha juzi, karatasi mkononi.

"Hizo alikuwa amechoka, Mama Njeri."

Nikamwomba kalamu, tuziandike na hizo.